Mamake Alikuwa Wapi? Safari ya Kumfuata Hélène, Kutoka Twickenham Hadi Nyeri

Nyeri tuna makaburi mawili ya wageni mashuhuri. Kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, kila mtoto wa shule hupelekwa kuliona. La pili limo ndani ya kanisa la Waitaliano, upande wa Mathari, na wengi wetu tunalipita tu. Mimi niliingia mara ya kwanza nikiwa darasa la tano, kwa sababu ya mvua. Nilikuwa na nyanya yangu, tunatoka misa, na mlinzi akatuonea huruma akatufungulia mlango. Ukutani tuliona majina ya wafungwa wa vita wa Kiitaliano, 676 kwa jumla, na kati yao kaburi la jemadari wao, Amedeo, Duke wa Aosta, aliyefia Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Nyanya aliuliza alikufa na nini. Mlinzi akasema malaria na kifua kikuu, akiwa mfungwa wa Waingereza. Nyanya, ambaye alikuwa ameshazika watoto wawili kwa mikono yake, akanyamaza kidogo kisha akauliza, "Na mamake alikuwa wapi?"

Mlinzi hakujua. Leo mimi ni muuguzi London, nina zaidi ya miaka kumi ughaibuni, na mwaka huu nilipopata likizo niliamua kumtafutia nyanya jibu lake.

Siku ya kwanza: Twickenham

Treni kutoka Waterloo ilinishusha Twickenham saa nne asubuhi. Nyumba iitwayo York House iko dakika chache kwa miguu, karibu na mto Thames. Sasa ni ofisi za halmashauri na watu hufungia ndoa humo. Nilimkuta bibi harusi mmoja akipigwa picha kwenye ngazi, shela likipeperushwa na upepo wa mtoni, na mamake akilishika kwa mikono miwili lisiguse matope.

Hapa ndipo alipozaliwa Hélène d'Orléans, mamake yule jemadari wetu, tarehe 13 Juni 1871. Babu mkubwa wake, Louis-Philippe, alikuwa mfalme wa mwisho wa Ufaransa. Mapinduzi ya Februari 1848 yalimtoa kitini, akakimbilia Uingereza. Mjukuu wake Philippe, Comte de Paris, wakati huo mtoto wa miaka tisa, alikulia uhamishoni, akaoa binamu yake na kuweka makazi hapa York House. Dada mkubwa wa Hélène, Amélie, naye alizaliwa Twickenham, mwaka 1865.

Tarehe 8 Juni 1871, Bunge la Ufaransa lilifuta sheria iliyokuwa ikiwazuia watu wa ukoo huu kurudi kwao. Siku tano baadaye Hélène akazaliwa. Yaani alizaliwa ugenini ilhali mlango wa nyumbani ulikuwa umeshafunguliwa. Nilikaa bustanini nikilifikiria hilo kwa muda mrefu. Wengi wetu tunaofanya kazi huku tuna watoto wa namna hiyo, wenye cheti cha kuzaliwa cha nchi moja na nyumbani kwao ni nchi nyingine.

Mchana nilitembea kandokando ya mto hadi Orleans House. Louis-Philippe aliishi hapo kati ya 1815 na 1817, katika uhamisho wake wa awali, na baadaye mwanawe, Duc d'Aumale, akainunua. Sehemu kubwa ilibomolewa mwaka 1926. Kimebaki chumba kimoja chenye pembe nane, kirefu kwenda juu, dari yake nakshi tupu.

Siku ya pili: Kingston na Weybridge

Kanisa la Mtakatifu Raphael, Kingston, linautazama mto Thames, barabara ikipita katikati. Kwa nje utadhani limeng'olewa Italia likapandwa Uingereza. Humu ndani, tarehe 25 Juni 1895, Hélène aliolewa na Emanuele Filiberto, Duke wa Aosta, wa ukoo wa wafalme wa Italia. Alikuwa na miaka 24. Kati ya waalikwa alikuwemo Mwanamfalme wa Wales, ambaye kama mambo yangekwenda vingine angekuwa baba mkwe wa Hélène.

Kwa maana Hélène alikuwa amependa kabla ya hapo. Kijana huyo aliitwa Albert Victor, kwao wakimwita Eddy, kifungua mimba wa Mwanamfalme wa Wales na mjukuu wa Malkia Victoria. Walikubaliana kuoana wakiwa Uskoti, Agosti 1890, na tarehe 29 wakafunga safari wawili hao hadi Balmoral kumkabili Malkia mwenyewe. Kikwazo kilikuwa dini. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1701 ilimnyima kiti mrithi yeyote atakayeoa Mkatoliki. Hélène akasema yuko radhi kubadili dhehebu. Babake akakataa katakata. Msichana hakukata tamaa, akaenda hadi Roma kwa Papa Leo XIII kuomba njia, na Papa akasimama upande wa baba. Mwaka 1891 yakaisha. Eddy akaposa mwanamke mwingine Desemba mwaka huohuo, na wiki chache baadaye, tarehe 14 Januari 1892, akafa kwa homa ya mafua na nimonia. Alikuwa na miaka 28.

Huwa nasoma watu wakiandika kisa hiki kama hadithi tamu ya mapenzi ya kifalme. Mimi sikioni hivyo. Namwona binti wa miaka kumi na tisa aliyekwenda kumwona Malkia, akaenda kumwona Papa, akafanya kila ambacho mtu anaweza kufanya kwa miguu yake mwenyewe, na kila mlango akamkuta mzee aliyekwishaamua. Kifungu kile cha kuoa Mkatoliki kilifutwa kwa sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika 2015.

Nilisimama pale mbele ya altare. Mama mmoja alikuwa akibadilisha maji ya maua, akaniuliza kama nimekuja kusali. Nikamwambia ndiyo, na nikapiga magoti kweli.

Jioni nilifika Weybridge, kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Charles Borromeo. Hapa familia ilikuwa ikizika kwa kungojea. Louis-Philippe, aliyefariki 26 Agosti 1850, alilazwa hapa miaka 26 kabla mabaki yake hayajarudishwa Ufaransa mwaka 1876. Babake Hélène, aliyefariki 1894, alingoja miaka 64, hadi 1958. Sisi tulio nje tunayajua haya. Simu yangu haikosi kikundi cha mchango wa kusafirisha mwili wa mwenzetu, na ukweli ni kwamba hatulali hadi tusikie ndege imetua Jomo Kenyatta.

Siku ya tatu: baharini

Meli kutoka Newhaven hadi Dieppe huchukua saa nne. Bahari ilikuwa shwari, rangi ya majivu. Nilikunywa chai mbaya na kuandika barua kwa nyanya. Kisha basi hadi Le Tréport, mji wa wavuvi chini ya majabali meupe marefu. Nililala karibu na bandari, ndege wa baharini wakipiga kelele usiku kucha.

Siku ya nne: Eu

Kutoka Le Tréport hadi Eu ni mwendo wa saa moja kwa miguu, hata mwenye mizigo anafika. Kasri la Eu, la matofali mekundu na paa la mawe ya buluu, leo lina jumba la makumbusho la Louis-Philippe. Malkia Victoria aliwahi kuja hapa kumtembelea mfalme mwaka 1843. Baada ya 1871 Hélène alilelewa katika nyumba hii. Alikimbia kwenye bustani hii. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kwao.

Mei 1886 dada yake Amélie aliolewa na mrithi wa ufalme wa Ureno. Kabla ya safari ya Lisbon, wazazi walifanya karamu kubwa Paris, wakaalika mabalozi na watu wa hadhi. Serikali ya Jamhuri ikaona huyu si baba anayemuaga bintiye, ni mfalme anayejitangaza. Bunge likapitisha sheria ya 22 Juni 1886: wakuu wa koo zilizowahi kutawala Ufaransa, pamoja na warithi wao wa moja kwa moja, marufuku kukanyaga nchi. Sherehe ya binti mmoja ikawafukuza wote. Hélène alikuwa ametimiza miaka 15 siku tisa tu zilizopita.

Sheria haikumtaja yeye. Ilimtaja babake na kaka yake. Lakini msichana wa miaka 15 anakaa wapi baba akifukuzwa? Tarehe 24 Juni, babake alipanda meli pale Le Tréport, bandari ileile niliyolala jana.

Mlinzi wa makumbusho, mzee mpole, alinionyesha dirisha linalotazama bustani ya waridi. Nikamweleza kwa Kifaransa changu cha kuungaunga kwamba mwana wa Hélène amezikwa kwetu. Alinifanya nirudie mara mbili. "Kenya?" Akavua kofia.

Ndani ya kanisa kuu la mji, jirani na kasri, amezikwa askofu mkuu wa Dublin, Laurence O'Toole, aliyekuwa safarini mwaka 1180 akafia hapa. Wafaransa wanamheshimu kama wao. Niliwasha mshumaa hapo kwa ajili ya wote waliozikwa safarini.

Siku ya tano: Dreux

Treni hadi Paris, kisha treni nyingine hadi Dreux. Kilimani kuna kanisa jeupe ambalo ukoo wa Orléans umelifanya makaburi yake. Sikutarajia kwamba hapa ndipo ningetoa machozi.

Bibi yake Hélène, mamake babake, naye aliitwa Hélène, binti wa Kijerumani kutoka Mecklenburg-Schwerin. Alikuwa Mprotestanti na hakubadili dini. Mumewe, mrithi wa kiti cha Ufaransa, alikufa Julai 1842 kwa ajali ya gari la farasi. Mjane akafukuzwa pamoja na wengine mwaka 1848, akafia Uingereza 1858. Walipomleta Dreux, kanisa la Kikatoliki halikuweza kumpokea ndani. Wakamjengea chumba chake pembeni, ukuta mmoja na kanisa, na ukutani wakaacha uwazi kama dirisha.

Mchongaji Henri Chapu akamchonga amelala, amejigeuza ubavu, na mkono wake umenyooshwa ukapita kwenye ule uwazi kumfikia mumewe upande wa pili. Niliinama kuutazama vizuri. Vidole havishiki kitu. Vimelegea juu ya jiwe, kiganja wazi, kama mkono wa mgonjwa usiku anapotafuta kama bado upo kando ya kitanda. Mikono ya namna hiyo nimeishika mingi wodini.

Mjukuu aliyebeba jina lake aliujua ukoo huu na kaburi hili. Alipokwenda Balmoral na Roma alijua ukuta wa dhehebu ni kitu cha kujengwa kwa mawe kabisa. Bibi alikataa kubadili, mjukuu alikubali kubadili, na wote wawili ukuta ukabaki palepale.

Mlango ulipofungwa nilikuwa wa mwisho kutoka.

Siku ya sita: njiani

Treni ya Paris hadi Turin, milima ya Alpi nje ya dirisha, theluji ikiwa bado kileleni. Nilitumia saa hizo kusoma yale yanayonihusu zaidi kama muuguzi. Katika vita vya Libya vya 1911 na 1912 Hélène alihudumu kwenye meli ya hospitali. Vita vikuu vya kwanza vilipofika Italia, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wauguzi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu nchini, akizunguka hospitali za mstari wa mbele, wakati mumewe akiongoza Jeshi la Tatu. Alitunukiwa nishani ya fedha ya ushujaa wa kijeshi. Na Afrika aliijua: alisafiri sana barani mwetu kabla ya vita hivyo, akaandika na kuchapisha safari zake.

Siku ya saba: Turin

Wanawe wote wawili walizaliwa mji huu: Amedeo tarehe 21 Oktoba 1898, Aimone tarehe 9 Machi 1900.

Lakini hapa Turin kuna jambo lililonishika zaidi ya majumba ya kifalme. Nilitembea hadi patakatifu pa Bikira Maria wa Consolata. Mkuu wa mahali hapa, padri Giuseppe Allamano, alianzisha mwaka 1901 shirika la wamisionari wa Consolata, na mwaka 1902 wa kwanza wao wakafika Kenya, nchi ya Wagikuyu. Misheni ya Mathari ni yao. Hospitali niliyozaliwa mimi ni yao. Allamano alitangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Kwa hiyo Amedeo na wamisionari walionibatiza walitoka mji mmoja, na wakakutana tena kwenye kilima kimoja Nyeri. Nilisali rozari nzima.

Siku ya nane: Napoli

Kasri la Capodimonte liko juu ya mji, sasa ni makumbusho yenye picha za wachoraji wakubwa, na bustani yake imejaa watoto wanaocheza mpira. Haya ndiyo yalikuwa makao ya Hélène kwa miaka mingi. Nilinunua maji, nikakaa chini ya mti, nikaanza kuandika jibu la nyanya.

Amedeo alikua mrefu kuliko wote, karibu mita mbili. Akiwa kijana alikwenda Kongo akafanya kazi ya kawaida kwenye kiwanda cha sabuni Stanleyville, Kisangani ya leo, ambako Kiswahili kinasemwa hadi sasa. Mwaka 1927, hapa Napoli, alimuoa Anne d'Orléans, binti wa mdogo wake Hélène, naye mtoto wa familia ileile ya uhamishoni. Mwishoni mwa 1937 Mussolini alimfanya mtawala wa Ethiopia. Ndugu zetu Waethiopia walikuwa wamevamiwa, wamepigwa kwa gesi ya sumu, wamechinjwa Addis Ababa mwezi Februari mwaka huohuo, na yeye akakikalia kiti cha utawala huo. Ninamhurumia mama. Hilo halinifanyi nisahau mwanawe alikuwa Afrika kwa kazi gani.

Mei 1941 Waingereza na majeshi yao walimzingira kwenye mlima Amba Alagi, Ethiopia, akajisalimisha. Wakamleta Kenya, wakamweka chini ya Kilimambogo. Mapafu yakaharibika, malaria ikamwongezea, akafa katika hospitali ya Nairobi akiwa na miaka 43.

Mamake alikuwa wapi? Italia na Uingereza walikuwa vitani tangu 10 Juni 1940. Kenya ilikuwa koloni la Uingereza. Mamake, mwenye miaka 70, mwanamke aliyezaliwa ukingoni mwa mto Thames na kuolewa ukingoni mwa mto Thames, sasa alikuwa adui wa nchi ile. Yeye aliyeuguza watoto wa watu wengine katika vita viwili hakuweza kufika kwenye kitanda cha wake.

Na haikuishia hapo. Vita vikiendelea, Wajerumani walimkamata mkwewe Anne na wajukuu, wakawapeleka kifungoni Austria. Mwaka 1946 Italia ikapiga kura ya jamhuri. Mwanawe wa pili, Aimone, akaondoka nchini, akafia Buenos Aires Januari 1948. Watoto wawili wa kiume, mmoja akafia Afrika, mwingine Amerika ya Kusini, na yeye hakuwa kando ya yeyote.

Siku ya tisa: kaburini

Kanisa la Madre del Buon Consiglio liko mteremko kidogo kutoka kasrini, limejengwa kwa mfano wa Mtakatifu Petro wa Roma, ila dogo. Hélène yumo. Alifariki Castellammare di Stabia tarehe 21 Januari 1951. Miezi saba kabla, tarehe 24 Juni 1950, Ufaransa ilikuwa imeifuta sheria ile ya uhamisho: siku ileile, miaka 64 kamili, tangu meli ya babake iondoke Le Tréport. Anne naye amezikwa humu.

Nilikuwa nimebeba kitu kimoja, kitambaa kidogo cha pamba chenye udongo mwekundu wa Nyeri, ambao kaka yangu alinitumia kwa mtu. Nilitaka kuuacha pale. Mtunza kanisa alinitazama, nikamweleza, akaniruhusu niumwage kwenye chungu cha maua kando.

Wiki tano baadaye: Nyeri

Nyanya ana miaka 91 sasa na haoni vizuri. Nilimkuta jikoni nje, ameota moto, nikampa simu na kuikuza picha ya kaburi la Hélène hadi jiwe likajaa kioo chote. Nikamsimulia yote, kuanzia Twickenham. Alinikatiza mara moja tu, nilipofika kwa Papa, akasema, "Wazee."

Kesho yake tulikwenda kanisani pamoja. Mlinzi ni mwingine, kijana. Nyanya aliweka kiganja chake juu ya kaburi la Amedeo, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akanigeukia.

"Mamake aliitwa nani vile?"

"Hélène, nyanya."

"Erena," akasema. Akainama kwenye jiwe na kumwambia Amedeo mahali alipo mamake, polepole, kwa Kigikuyu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.